Baada ya kugonga kichwa, usiku wa kwanza asilale peke yake

Mtu aliyegonga kichwa katika ajali ya bodaboda, hata kama ameinuka mwenyewe, akajipangusa vumbi na kusema yu mzima, asiachwe peke yake usiku huo, kwa sababu mshipa wa damu uliopasuka chini ya fuvu huweza kuvuja kwa saa kadhaa na kuubana ubongo huku majeruhi akionekana hana neno. Akianza kutapika mara kwa mara, kuropoka au kusinzia kupita kawaida, au mboni ya jicho moja ikawa kubwa kuliko ya pili, tafadhali msingoje kupambazuke: apelekwe hospitali yenye kipimo cha CT, yaani mashine ya kupiga picha ya ndani ya kichwa. Dawa za maumivu za aspirini na diklofenaki asipewe, kwani huzidisha hatari ya kuvuja damu.