Boksi la Mboga Likifika Jumanne

Nilikuwa karani wa kuhesabu mizigo bandarini Kilindini hadi nilipostaafu, kwa hivyo binti yangu alipoanza kuagiza boksi la mboga kutoka soko la Kongowea, kazi ya kulipokea nilipewa mimi. Tuko watu sita hapa Tudor, Mombasa. Boksi huja na bodaboda kila Jumanne asubuhi, na anayechagua ya kutia ndani ni mchuuzi, si sisi.

Mwanzo tulikuwa tukipanga mapishi ya wiki siku ya Jumapili, boksi lenyewe halijafika. Tukiandika bamia, laja boga. Tukiweka mchicha Ijumaa, Ijumaa twaukuta umekuwa uji mweusi ndani ya mkebe wake. Sasa kalamu haishikwi mpaka boksi lifunguliwe.

Likifika, limwage lote mkekani, ndani, penye kivuli. Joto la Mombasa halina subira na majani. Gawa mafungu matatu. La kwanza ni la leo na kesho: mchicha, mtoriro, mnavu, dania. La pili lina siku tatu nne: bamia, biringani, tungule (nyanya) zilizoiva. La tatu laweza kungoja wiki nzima: kabeji, karoti, boga, viazi, vitunguu. Bandarini nyama haikungoja saruji ishushwe.

Mboga za majani usizioshe siku hiyo, maji yakibaki ndani ndiyo huzioza. Fungua kamba, maana fungu likiachwa limebanwa huoza katikati. Kung'uta mchanga, toa majani yaliyochubuka, zungushia gazeti kavu, tia kwenye friji. Umeme ukipotea, kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa, juu ya ungo penye upepo, kitakufikisha jioni. Dania yangu husimama kwenye glasi ya maji. Viazi vikae gizani, mbali na vitunguu, na ndizi zinazoiva zisilazwe karibu na mboga, zitazigeuza manjano.

Sasa andika. Jumanne ni mchicha. Usidanganywe na ukubwa wake: mafungu matatu yakiona moto hubaki kibakuli. Siku hiyo nakuna nazi mbili. Kasimile, yaani tui zito la kwanza, naitenga, tui jepesi napikia wali, kisha kasimile huingia kwenye mchicha mwishoni kabisa, moto ukiwa mdogo. Kwa joto hili tui likilala huchacha, kwa hivyo siku ya nazi ni lazima ilishe sufuria mbili. Jumatano mtoriro, bila nazi: kitunguu, tungule, ndimu, kwa sima na dagaa.

Alhamisi bamia kwenye mchuzi wa samaki. Ioshe nzima, ipanguse ikauke, ndipo uikate. Ukiikata na maji yake itateleza mpaka ikukere. Wako wanaopenda hivyo, siwakatazi.

Ijumaa haipangwi. Ni pilau, na imekuwa pilau tangu marehemu mke wangu yu hai. Kazi yako ni kukumbuka tangu Jumanne kutenga tungule nne ngumu za kachumbari kabla hazijaishia kwenye mchuzi wa mtu. Mimi huzitia bakulini, nikabandika karatasi iliyoandikwa "Ijumaa". Mjukuu wangu mdogo huiheshimu hiyo karatasi. Mkubwa huiba.

Jumamosi biringani. Watoto waliligomea kwenye mchuzi, ikawa kila wiki latupwa, mpaka siku moja nikalichoma zima juu ya makaa, ganda likaungua jeusi na ndani likalainika. Nikalimenya, nikaliponda na kitunguu thomu, chumvi na ndimu. Sasa huchovya mkate na kugombania bakuli, na binti yangu hulazimika kuchotewa lake mapema. Jumapili boga la nazi, kwa iliki na sukari kidogo, na hilo halihitaji ushawishi.

Jumatatu hupikwa kilichobaki. Karoti mbili, kiazi, nusu kabeji: kaanga kitunguu na bizari, vitie vyote, ongeza mbaazi zilizochemshwa. Karoti zikizidi, zikate nyembamba, zitie chumvi, zianike juani kutwa moja, kisha zitie kwenye chupa kavu na pilipili na maji ya ndimu. Achari hiyo itakutoa aibu siku boksi likija bovu.

Usiku wa Jumatatu nampigia mchuuzi simu kumwuliza kesho kuna nini, na kumwambia kabeji bado tunayo. Hucheka, "Sawa, mzee." Asubuhi nikifungua boksi, kabeji iko juu kabisa.