SOMO: Umebadilisha sailensa na sasa umeme wa gari hauelewi? Anza hapa

Wasee, nimechoka. Tangu Safari Rally irudi kwa mashindano ya dunia 2021 pale Naivasha, kila mwaka ikikaribia vijana wa Nakuru wanang'oa sailensa wanaweka paipu ya moja kwa moja, halafu wiki mbili baadaye naanza kupigiwa, "mkuu taa ya injini imewaka", "mkuu gari haishiki asubuhi". Naandika mara moja. Paipu haina umeme, lakini waya na sensa zimepita kando yake, na kuna mkono wa mtu uliingia hapo.

1. Zima gari, ipoe. Tumia stendi za jeki, si mawe.

2. Pima betri. Gari ikiwa imepumzika iwe volti 12.6 hivi, ikinguruma 13.8 mpaka 14.4. Ikiwa hivyo usinunue betri.

3. Ingia chini na tochi. Fuata waya za sensa za oksijeni (zile zimefungwa kwa paipu kupima moshi) kutoka kwa paipu hadi kwa plagi. Yenye imegusa paipu utaijua, ganda limeng'aa kama limepakwa mafuta ama limeyeyuka kabisa. Rudisha yale mabati ya kuzuia joto, fundi hakuwa anakupunguzia uzito, alikuwa anapunguza kazi.

4. Athi, yaani waya wa kurudisha umeme kwa betri. Hapa ndio nililia. Forester yangu ya zamani ilitoka jua kali ikinguruma vizuri sana, lakini usiku stata ilikuwa inavuta kama mgonjwa na kila nikiwasha taa mshale wa temperecha unapanda kidogo, nikizima unashuka. Nikanunua betri. Bado. Nikanunua alteneta ya eksi-Japani. Bado! Siku moja napanda kuelekea Salgaa aksereta ikaanza kukwama, kufungua boneti nakuta ganda la kebo ya aksereta limelainika kama mshumaa. Kumbe fundi alifungua waya wa athi unaotoka kwa injini kwenda kwa bodi apate nafasi ya kuingiza mkono, akaisahau, ilikuwa inaning'inia tu nyuma ya injini na bolti yake haipo. Moto wa stata ulikuwa unatafuta njia ya kurudi kwa betri ukapitia kebo. Bolti ya shilingi hamsini, mimi nimeshanunua alteneta.
Kwa hivyo usikisie, pima. Mita iwe kwa volti za DC, waya nyeusi kwa negativu ya betri, nyekundu kwa chuma kitupu cha injini, mtu apige stata. Chini ya 0.2 uko poa, ikipita 0.5 athi imekufa. Piga msasa mahali inakaa, rangi na kutu hazipitishi umeme.
ONYO: kabla mtu achomelee chochote kwa gari yako, toa tamino ya negativu. Na ile klampu ya welding ikae kwa paipu yenyewe, karibu na anapochoma. Ukiona ameishika kwa rimu ama kwa bampa mwambie asimame, huo moto utapitia bearing, ama alteneta, ama kompyuta. Redio zingine za Japani zitadai namba ya siri ukirudisha betri, heri hiyo.

5. Soma kodi za hitilafu na skana, kile kifaa cha kuongea na kompyuta ya gari. P0135 na P0141 ni hita za sensa, na zikija pamoja angalia fyuzi kwanza, waya moja ikigusa paipu inaichoma na kila kitu kinachokula hapo kinazima. P0420 ukiwa umetoa katalitiki (ile ya kusafisha moshi) si shida ya umeme. Kompyuta inakuambia ukweli, katalitiki haipo.

MASWALI

Turbo_Lanet: Taa ya injini imewaka nifanye?
Jibu: Hatua ya 5.

Turbo_Lanet: Sina skana. Si nikate tu waya wa sensa izime?
Jibu: Ukikata inawaka zaidi, na kompyuta itaanza kumwaga petroli kwa kukisia. Nimeandika ukurasa mzima ndugu yangu, soma.

MamaFielder_Kisumu: Samahani fundi, sielewi kitu kimoja. Paipu yangu ina kitobo kabla ya sensa na gari imeanza kunywa mafuta. Moshi si unatoka nje, utasumbua sensa aje?
Jibu: Dada, swali zuri. Moshi hautoki kama maji ya bomba, unatoka kwa mapigo. Kati ya pigo na pigo presha inashuka na hicho kitobo kinavuta hewa ndani. Sensa inaona oksijeni nyingi, inaambia kompyuta petroli ni kidogo, kompyuta inaongeza. Asubuhi injini ikiwa baridi pitisha mkono karibu na kitobo bila kugusa, utaskia inapuliza. Na ukiziba usitumie silikoni ya kawaida, mvuke wake unaua sensa.

Probox254: Naweza kuunga waya wa sensa kwa soda, ile risasi ya kuyeyusha?
Jibu: Hapana, unga na kiunganishi cha kubana. Sensa nyingi zinavuta hewa safi kupitia ndani ya waya, soda na fluksi zinaziba hiyo njia.

Turbo_Lanet: Nimepata skana. P0141. Fyuzi nzima, waya nzima.
Jibu: Sasa tunaongea. Chomoa plagi, pima ohmu kati ya zile waya mbili za rangi moja, kawaida ndio hita. Isiposoma kitu hita imekatika, nunua sensa.

Kakamega_Diesel: Sensa yangu imekataa kutoka, spana ya 22 inateleza.
Jibu: Nyunyizia mafuta ya kulegeza, ilale usiku, kesho washa dakika mbili ujaribu ikiwa moto kidogo.

Kakamega_Diesel: Imetoka. Imetoka na nyuzi za paipu pia.
Jibu: Pole. Hapo utachomelewa nati mpya. Toa tamino kwanza.