Kuweka Linux Mint kwenye mashini ya zamani

Mashini (kompyuta) nyingi zinazofika kwenye meza yangu hapa Nyawera, Bukavu, ni za mitumba: RAM giga 4, klaviye (kibodi) ya Kifaransa. Windows ikizilemea naziwekea Linux Mint, mfumo endeshi wa bure, kwa mwonekano wa Xfce, ambao ni mwepesi kuliko ule wa Cinnamon.

Faili lake la kusakinishia linakaribia giga 3. Lipakue usiku kwa amri ya wget -c, ili mtandao ukikatika liendelee pale lilipoishia. Kisha endesha sha256sum, amri inayohakiki kama faili limefika salama, ulinganishe jibu na lile lililo kwenye tovuti ya Mint. Mimi niliwahi kuruka hatua hii, nikamaliza jioni nzima nikiisingizia diski ya mteja, kumbe faili ndilo bovu.

Liandike kwenye flashi kwa programu ya Rufus au balenaEtcher. Kulinakili tu hakutoshi. Hamisha kwanza picha na kazi za mwenye mashini. Halafu washa huku ukibonyeza F12 (Lenovo, Dell) au F9 (HP), uchague flashi. Betri iwe imejaa, maana umeme wa huku hauagi ukiondoka.

Sasa klaviye, ambayo imenipa wateja wengi kuliko virusi. Ukiulizwa, chagua ya Kifaransa hata kama lugha uliyochagua ni Kiingereza. Binti mmoja alijiwekea Mint mwenyewe, akarudi kwangu siku ya pili: "Papa, mashini inakataa neno langu la siri." Alikuwa amebonyeza amani wakati mpangilio ni wa Kiingereza, baadaye akaubadilisha kuwa wa Kifaransa. Vitufe vile vile, herufi nyingine: kilichohifadhiwa kilikuwa q;qni. Nikaandika hivyo hivyo, ikafunguka. Alicheka mpaka muuza vitenge wa jirani akaja kuuliza kuna nini.

Kwenye ramani ya saa gusa Lubumbashi. Ukiacha Kinshasa, saa yako itabaki nyuma kwa saa nzima.

Tarehe ikirudi miaka ya nyuma kila unapowasha, kibetri cha CR2032 kilicho ndani kimekwisha. Usikipuuze: kivinjari kitakataa tovuti kikisema cheti si halali, na apt (chombo cha kusakinisha programu) italalamika kuwa orodha za programu hazijaanza kutumika. Watu hulaumu mtandao, wananunua mega (bando la intaneti) nyingine bila faida. Rekebisha tarehe kwenye BIOS (mipangilio ya mashini inayofunguka kabla ya mfumo kuwaka), kisha badilisha kibetri.

Wi-Fi isipoonekana, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) uandike lspci, uone aina ya kadi. Kadi za Intel kwa kawaida hazinisumbui. Ukikuta Broadcom, unganisha simu kwa waya wa USB, iruhusu igawe intaneti, fungua Driver Manager, chagua dereva (programu inayoendesha kadi) inayopendekezwa, uwashe upya. Huna mega? Chomeka tena flashi ile ile uliyosakinishia. Driver Manager inaweza kuitoa dereva humo humo.