Kuchanja kuku dhidi ya mdondo vijijini Tabora: kwa wanaojitolea

Mdondo, ambao wengine huuita kideri, hauna dawa. Kuku akishapinda shingo na kuharisha kijani, chanjo haimwokoi tena. Kwa hiyo ninyi mnaomsaidia afisa mifugo, iwe Sikonge, Urambo au Uyui, malizeni mzunguko wa kwanza kabla kiangazi hakijakolea, kisha rudieni kila miezi mitatu. Vifaranga huanguliwa mwaka mzima, na kinga ya wakubwa hushuka.

Chanjo ya matone ya I-2 huvumilia joto kuliko nyingine nyingi, lakini bado ni virusi hai. Ikiachwa juani kwenye kikapu cha baiskeli, mtakuwa mnadondosha maji matupu. Ibebeni kwenye kasha lenye barafu. Ikiwa ni ya unga, tumieni kimiminika kilichokuja nayo. Maji ya bomba yenye klorini huiua.

Jioni ya kuamkia siku ya kuchanja, pitieni kila kaya mwombe kuku wasifunguliwe asubuhi. Wakishatawanyika, nusu yao hamtawapata, na hao waliokosa chanjo ndio watakaoendeleza ugonjwa kijijini.

Kazi ni ya watu wawili. Mmoja abane mabawa ya kuku kifuani pake na kulaza kichwa ubavu, jicho moja litazame juu. Mwingine asimamishe chupa wima, mdomo chini, kwa sababu ikiinama ukubwa wa matone hubadilika. Tone moja, jicho moja tu. Kifaranga na jogoo dozi ni ileile. Ncha isiguse jicho. Msimwachie upesi: subirini apepese na tone lizame. Likichuruzika shavuni, rudieni.

Hapa ndipo lawama huanzia. Kuku aliyekwisha kuambukizwa huonekana mzima, na dalili huweza kuchukua siku 2 hadi 15 kujitokeza. Chanjo nayo huhitaji wiki moja hadi mbili kujenga kinga. Akifa siku ya tatu, mtasikia "chanjo imeua kuku wangu", na awamu ijayo mlango hamfunguliwi. Mwelezeni mwenye nyumba kabla ya kumshika kuku wa kwanza. Waliokwisha ugua msiwachanje. Mjulisheni afisa mifugo.

Miguu yenu inaweza kubeba mdondo kutoka kaya hadi kaya. Vaeni buti za mpira. Mkitoka bandani, sugueni kinyesi chote kwa brashi na sabuni, ndipo mzichovye kwenye maji ya klorini. Juu ya uchafu klorini haifanyi kazi. Kaya yenye ugonjwa iwe ya mwisho, na baada yake nendeni nyumbani. Naweni mikono kabla ya kugusa macho, maana virusi hivi huweza kuyawasha hata macho ya binadamu.

Mizoga isitupwe porini, mbwa na kunguru wataisambaza, na kanga na njiwa nao huugua. Chimbeni shimo ambalo mbwa hawezi kufukua. Kisha andikeni kwenye daftari jina la kaya, idadi ya waliochanjwa na tarehe ya kurudi.