Jinsi ya kuseti madirisha ya anwani kwenye draiva ya kontrola ya PCIe

Kama unaandika draiva ya kontrola ya PCIe (basi inayounganisha CPU na vifaa kama kadi za mtandao na SSD) kwenye Linux, hapa kwenye kutafsiri anwani ndo utapotezea muda mwingi, maana ukikosea kerneli hailalamiki, inawaka fresh kabisa afu kifaa kinakurudishia 0xffffffff kila unaposoma, au mbaya zaidi kinafanya kazi leo kesho kinagoma.

Kwanza weka hili kichwani. CPU ina anwani zake na basi (bus, njia ya PCIe) ina zake, namba inaweza kufanana lakini sio kitu kimoja. Dirisha ni kipande cha anwani za upande mmoja kinachotafsiriwa kwenda upande wa pili. Kuna madirisha ya kutoka, yaani CPU inapofikia rejista za kifaa, na ya kuingia, yaani kifaa kinapofikia RAM kwa DMA (moja kwa moja bila kupitia CPU). Kwenye device tree, lile faili linaloielezea kerneli vifaa vya mashine, ya kutoka yanaandikwa kwenye `ranges`, ya kuingia kwenye `dma-ranges`.

Tuchukue mfano:

```
ranges = <0x02000000 0x0 0x40000000
          0x1 0x00000000
          0x0 0x10000000>;
dma-ranges = <0x42000000 0x0 0x0
              0x0 0x80000000
              0x0 0x80000000>;
```

Mstari wa kwanza wa kila kimoja ni aina ya nafasi pamoja na anwani ya upande wa basi, wa pili ni anwani ya CPU, wa tatu ni ukubwa. Kwahiyo dirisha la kutoka ni MB 256, CPU ikigusa 0x100000000 kule kwenye basi inatokea 0x40000000. La kuingia ni GB 2, RAM inayoanzia 0x80000000 kwa CPU, kifaa kinaiona inaanzia sifuri.

Kwenye draiva usisome hizo namba kwa mkono. `devm_pci_alloc_host_bridge()` inakusomea zote, we unazunguka tu kwenye `bridge->windows`:

```
resource_list_for_each_entry(entry, &bridge->windows) {
    if (resource_type(entry->res) != IORESOURCE_MEM)
        continue;
    cpu = entry->res->start;
    pci = cpu - entry->offset;
    size = resource_size(entry->res);
}
```

`offset` ni anwani ya CPU ukitoa ya basi, kwahiyo ni kutoa, sio kujumlisha, watu wengi wanateleza hapo. Dirisha la IO (zile anwani za bandari za kizamani) lina mambo yake, anwani ya CPU unaipata kwa `pci_pio_to_address()`, ila vifaa vingi vya siku hizi havihitaji IO kabisa so usikeshe nayo.

Ukifika kwenye rejista zenyewe za kontrola zima dirisha kwanza, andika mwanzo, mwisho na anwani lengwa, afu washa. Kontrola nyingi, hata za DesignWare (muundo wa Synopsys), zinataka anwani ya mwisho iwe baiti ya mwisho ya dirisha, yaani `cpu + size - 1`, ukisahau ile moja dirisha linavuka mpaka. Ukishawasha soma tena rejista mpaka uone biti ya kuwasha imekaa kweli. Na madirisha yaliyoachwa na butiloda (programu inayotangulia kuwaka kabla ya Linux) yafute yote, mi siyaamini hata kidogo. Yote haya yaishe kabla hujaita `pci_host_probe()`, maana hapo ndo basi inaanza kukaguliwa.

Sasa rudi kwenye ule mfano uangalie vizuri, una kosa nimeliacha makusudi. Upande wa basi dirisha la kuingia linachukua 0 mpaka 0x7fffffff, na la kutoka liko 0x40000000, yaani katikati yake kabisa! Kifaa kikipewa bufa (eneo la RAM la kuwekea data) yenye anwani ya DMA 0x40000000 na kuendelea, daraja la PCIe linaona hiyo anwani iko kwenye dirisha la vifaa vilivyo chini yake kwahiyo halipandishi kitu juu, data haifiki RAM. Na kinachouma ni kwamba bufa zikiangukia nje ya hiyo MB 256 kila kitu kinaenda poa, tatizo linatokea mashine ikielemewa tu, utalaumu kebo, utalaumu kache, utalaumu kila mtu. Dawa ni kuhamisha upande wa basi wa `ranges` uende 0x80000000, anwani ya CPU iache ilivyo.

Wanaoandika draiva ya kifaa chenyewe nao wasitumie `virt_to_phys()` kupata anwani ya DMA. Bufa iliyoko 0x80100000 kwa CPU, kifaa kinatakiwa kupewa 0x00100000, na hiyo hesabu `dma_map_single()` inaifanya yenyewe kutoka `dma-ranges`. Washa `CONFIG_DMA_API_DEBUG` wakati wa majaribio, inakamata uzembe mwingi.

Kuhakiki, fungua `/proc/iomem` uone dirisha limesajiliwa, afu endesha `lspci -vv` na baadae `lspci -vvb`. Ya kwanza inaonyesha anwani kama kerneli inavyoziona, yenye b inaonyesha zile za kwenye basi. Kwa dirisha la mfano wetu likisharekebishwa, tofauti kati ya hizo mbili inatakiwa iwe 0x80000000 kwa kila BAR (rejista inayosema kifaa kiko anwani gani), ukikuta zinalingana jua offset yako haijasomwa, rudi kwenye `ranges`.