Chombo cha gololi: jinsi ninavyotoa makohozi asubuhi

Siku niliyopewa kile chombo chenye gololi ya chuma nilikipuliza kama tarumbeta. Kichwa kikazunguka, makohozi yakabaki palepale. Mtaalamu wa fiziotherapia alicheka mpaka akakaa. "Taratibu, mzee. Hapa hatuzimi moto."

Umbo lake ni kama kiko, na kwangu mimi niliyeacha sigara baada ya kuharibu mapafu, hiyo ni dhihaka tosha. Ila kinafanya kazi. Kwenye ugonjwa sugu wa mapafu, vijia vidogo vya hewa hunywea unapotoa pumzi, na hewa hunaswa humo ndani pamoja na makohozi. Ukipumulia kwenye gololi, uzito wake huzuia hewa kidogo, na shinikizo linalobaki nyuma huvishikilia vile vijia visinywee. Gololi nayo inarukaruka, hewa inatikisika mpaka kifuani, makohozi yanabanduka.

Naanza na pampu ya dawa ya kufungua kifua, nasubiri kama dakika 15. Kisha naketi wima, viwiko mezani. Navuta hewa polepole, zaidi kidogo ya kawaida, bila kujaza kifua pomoni. Naishikilia sekunde 2 au 3. Nabana midomo kwenye chombo, natoa pumzi kwa msukumo wa wastani, muda mrefu kuliko nilivyovuta. Pumzi 10 za namna hiyo.

Wengi hukosea kwenye mashavu. Yakitetemeka mashavu, kifua hakipati kitu. Yakaze, ukishindwa, yashike kwa vidole. Kiganja kingine weka kifuani, halafu inamisha au inua chombo kidogo kidogo. Kuna pembe moja ambapo mtetemo unaingia mbavuni kama simu inayoita mfukoni. Hapohapo ndipo pako. Pangu si pa mwenzako.

Baada ya hapo usikimbilie kukohoa. Kikohozi cha nguvu hubana njia uliyotoka kuifungua. Fungua mdomo, toa hewa kwa "haaa" ya haraka, kama unayetia ukungu kwenye kioo, mara 2. Makohozi yakifika kooni, kohoa mara moja, tema. Pumzika, rudia mzunguko mara 2 au 3. Ukisikia kizunguzungu, acha, pumua kawaida.

Usikiguse chombo hiki bila kumuuliza daktari ikiwa unatema damu au pafu limewahi kupasuka likavujisha hewa. Na dawa zako usiache; chombo hiki hakichukui nafasi yake.

Kusafisha ni maji ya uvuguvugu na sabuni, kila kipande peke yake, kisha kikauke kabisa kabla ya kuunganisha. Ziba tundu la sinki kwanza. Gololi yangu iliwahi kutumbukia humo, nikalala sakafuni nafungua bomba la chini huku nahema kama mbwa aliyetoka mbioni.