Jinsi ya kutambua spana na zana za magari ya zamani

Fungu la vyuma chakavu pale Gerezani, Dar es Salaam, au sanduku aliloacha babu, huchanganya kila kitu: zana za gari, za baiskeli, hata za cherehani. Hapa nazungumzia zaidi zana za magari ya Uingereza, maana kwetu ndizo nyingi: Land Rover za kale, Bedford, Austin, Morris.

1. Safisha bila kula chuma. Loweka kwenye mafuta ya taa usiku kucha (zenye mpini wa mbao zifute tu), kisha piga brashi ya shaba. Grenda iache ilipo, kwani inaondoka na kutu pamoja na maandishi. Herufi zikiwa hafifu, paka chaki halafu futa juu juu kwa kitambaa. Unga hubaki ndani ya michoro na maneno yanasomeka.

2. Soma herufi kwanza, namba baadaye. Hapa ndipo vijana wengi wanapopotea. Ukiona W, BSW (British Standard Whitworth) au BSF (British Standard Fine, yenye thredi, yaani mizunguko ya bolti, zilizosongamana zaidi), hiyo ni familia ya Whitworth, iliyotokana na vipimo alivyopendekeza Joseph Whitworth mwaka 1841. Namba yake ni unene wa bolti, si upana wa mdomo. Kwa hiyo spana ya 1/4 W haina mdomo wa robo inchi: ni inchi 0.525, yaani karibu milimita 13.3. Ya 5/16 W ni inchi 0.600, na ya 3/8 W ni 0.710.

Mara nyingine mdomo mmoja una maandishi mawili, 1/4 W na 5/16 BS (hapa BS ni BSF). Kiwanda hakikukosea. Vichwa vya BSF ni vidogo kwa saizi moja, basi mdomo uleule unahudumia bolti mbili tofauti.

AF (across flats, upana kati ya nyuso mbili za nati) ni rahisi: namba ndiyo mdomo wenyewe. 1/2 AF ni nusu inchi, milimita 12.7. BA ni vispana vidogo vya vifaa vya umeme, na namba zake zinakwenda kinyume: 2BA ni kubwa kuliko 4BA.

Ukishajua haya utaelewa kwa nini nati nyingi za Land Rover za kale zimekuwa duara. Kwenye nati ya 1/4 W, spana ya milimita 13 haiingii, na ya 14 inacheza mpaka inakula pembe. Spana malaya (ile ya kurekebisha mdomo) nayo humalizia kazi hiyo.

3. Kama hakuna maandishi, pima. Tumia venia kalipa (kipimo cha taya mbili cha kupimia milimita ndogo), na pima ndani ya mdomo karibu na shingo. Ncha za spana iliyofanya kazi sana huwa zimepanuka, zitakudanganya.

4. Angalia alama ya mtengenezaji. King Dick ni ya Birmingham. Alama ya mshale mfupi wenye mistari mitatu inaonyesha ilikuwa mali ya serikali ya Uingereza, mara nyingi jeshi. Jina la Ford lililoandikwa kwa mwandiko wa kuunganisha lilikuwa kwenye zana zilizotoka na gari, ikiwemo Model T ya 1908 hadi 1927. Facom ya Ufaransa, Hazet na Gedore za Ujerumani: tarajia milimita.

5. Zisizofanana na spana. Kijiti chenye kikombe cha mpira ni cha kusagia valvu. Kispana chembamba kilichofungwa bati jembamba kama wembe ni cha magneto, kifaa cha kuzalisha cheche za injini. Bati hilo linapima nafasi kati ya pointi zake, vile vibati vinavyokata na kuunga umeme. Bomba la pembe sita lenye matundu ya kupitisha nondo ni spana ya boksi, mara nyingi ya plagi.

6. Usiamue thredi kwa kuangalia spana. Injini iitwayo XPAG, ya magari ya Kiingereza MG TC na TD, ina thredi za milimita, lakini vichwa vya bolti ni vya Whitworth. Kabla ya kununua bolti mpya, weka geji ya thredi (vibati vyenye meno ya kulinganishia) kwenye ile ya zamani.